Umbali na muda wa ndege kati ya viwanja viwili: kokotoa mwenyewe, usibahatishe

#1 Mpimanjia

Wadau wa safari, salaam.

Ofisini kwetu hapa katikati ya jiji la Nairobi, tunapokata tiketi, haipiti wiki bila mtu kuingia na simu mkononi na swali lilelile. Tovuti moja imemwambia Nairobi hadi Mombasa kwa ndege ni kilomita 423, nyingine inasema 441. Tiketi imeandikwa saa moja, na jirani yake aliyesafiri juzi anaapa kwamba walikaa angani dakika arobaini tu. Sasa nani anadanganya?

Hakuna anayedanganya. Kila mmoja amepima kitu chake, na hakuna aliyetaja alichopima. Nimeamua kuuandika uzi huu kwa urefu kwa sababu inaniuma kuona watu wanakosa ndege za kuunganisha, au wanawalaza wazee wao kwenye viti vya chuma usiku kucha, kwa hesabu ambayo mtoto wa kidato cha pili anaiweza.

Tuanze na umbali, maana umbali haubadiliki.

Kila uwanja wa ndege una anwani yake duniani: latitudo na longitudo. JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, ambao kwenye tiketi unaandikwa NBO, uko latitudo -1.3192 (alama ya kutoa maana yake ni kusini mwa ikweta) na longitudo 36.9278. Moi wa Mombasa, yaani MBA, uko -4.0348 na 39.5942. Tafuta tofauti: kaskazini-kusini ni digrii 2.7156, mashariki-magharibi ni digrii 2.6664. Sisi tumejaliwa kukaa karibu na ikweta, na huku digrii moja, uelekee upande wowote, ni takriban kilomita 111.2. Kwa hiyo chukua kanuni ya Pythagoras ya shuleni. 2.7156 mara yenyewe, 2.6664 mara yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Utapata kama 3.806. Zidisha kwa 111.2. Kilomita 423.

Na ile 441? Hiyo imepimwa kutoka katikati ya jiji hadi Mombasa mjini. Ndege haiondokei kituo cha basi cha Kencom.

Kwa njia hiyohiyo, ukitumia kalamu na kikokotoo cha simu, JKIA hadi Kisumu ni kama kilomita 280, Entebbe 521, Dar es Salaam 668. Jaribuni wenyewe. Muda nitaujia, ndio wenye maneno mengi.

#2 Kipepeo_wa_Umoja

Kaka, kazi nzuri, lakini simu si inafanya yote hayo? Mimi naandika tu "umbali Nairobi Dubai" na jibu linakuja. Sioni sababu ya kurudi darasani.

#3 Mpimanjia

Kipepeo, simu itumie, hata mimi naitumia. Ila simu inakupa jibu bila kukuambia ilichokijibu. Imepima mji au uwanja? Ukiandika Nairobi, imechukua JKIA au Wilson? Viwanja hivyo viwili vimepishana kama kilomita 12 na nusu, na kwa safari ya Lamu au Mara unaondokea Wilson mara nyingi. Ukiweza kuihakiki namba kwa mkono, utajua mara moja simu ikikupa umbali wa barabara au reli badala ya wa ndege. SGR Nairobi hadi Mombasa ni kilomita kama 472, kwa sababu reli inafuata ardhi. Nimeona mtu akiichukua namba ya reli na kuigawa kwa kasi ya ndege.

Halafu kuna hatari nyingine. Hesabu niliyoweka juu inafaa kwa jirani zetu tu. Ukiitumia kwa London inakupoteza. Nairobi hadi Heathrow, kwa Pythagoras ile, unapata karibu kilomita 7,190, na umbali wa kweli ni kama 6,840. Kwa New York unapata zaidi ya 13,100, na ukweli ni karibu 11,840. Kosa la kilomita zaidi ya elfu moja na mia mbili! Nani atueleze kwa nini? Najua kuna walimu humu.

#4 Mwalimu_wa_Ramani

Umeniita, nimeitika.

Sababu ni kwamba mistari ya longitudo haiko sambamba. Inaanza mbali kwenye ikweta na inakutana kwenye ncha. Digrii moja ya longitudo hapa Nairobi ni kilomita 111. Pale London ni kilomita 69 tu, kwa sababu unaizidisha 111.2 kwa kosini ya latitudo, na kosini ya 51.47 ni 0.623. Ukienda ncha ya kaskazini digrii hiyohiyo ni sifuri. Kwa hiyo anayehesabu digrii za London kana kwamba ni za Nairobi anaongeza kilomita ambazo hazipo.

Ramani za ukutani nazo zimechangia sana. Ile inayoonekana madarasa mengi inafuata mchoro wa Mercator wa mwaka 1569, uliotengenezwa kwa ajili ya mabaharia. Ilikuwa lazima mwelekeo wa dira uwe mstari ulionyooka, na ili hilo liwezekane nchi za kaskazini zikavutwa na kupanuliwa. Mtoto anakua akiamini kwamba njia fupi ni mstari ulionyooka kwenye karatasi ile. Wanafunzi wangu nawapa mpira na kipande cha uzi. Wanabana ncha moja ya uzi Nairobi, nyingine New York, wanauvuta hadi ukaze. Uzi ukishakaza, hiyo ndiyo njia fupi, na inaitwa duara kuu. Darasa zima hunyamaza wakiona uzi hauendi magharibi kupitia Kongo. Unapanda kaskazini-magharibi: Sudan Kusini, Chad, Algeria, Morocco, ndipo unaingia Atlantiki.

Hesabu yake, kwa wanaotaka, ni kanuni ya haversine. Mabaharia waliitumia kabla ya ndege kuwapo. Kwa maneno iko hivi:

Chukua nusu ya tofauti ya latitudo, tafuta sini yake, izidishe kwa yenyewe. Weka pembeni.
Chukua nusu ya tofauti ya longitudo, tafuta sini yake, izidishe kwa yenyewe, kisha uzidishe kwa kosini ya latitudo ya kwanza na kosini ya latitudo ya pili.
Jumlisha hayo mawili. Tafuta kipeuo cha pili. Tafuta pembe yenye sini hiyo, kwa radiani (kipimo kingine cha pembe), si digrii. Zidisha kwa 2, kisha kwa 6,371, ambayo ni nusu kipenyo cha wastani cha dunia kwa kilomita.

Nimeijaribu na Mombasa ya Mpimanjia. Kipande cha kwanza ni 0.00056149, cha pili 0.00053984, jumla 0.00110133. Kipeuo ni 0.033186, pembe 0.033192. Mara 2 mara 6,371: kilomita 422.9. Tofauti na Pythagoras yake haifiki nusu kilomita. Kwa New York ndipo utaona faida yake.

#5 Baharia_Mstaafu

Mwalimu, asante sana. Mimi nimefanya kazi melini na kanuni hiyo naijua kwa jina. Niongeze jambo moja. Marubani, kama sisi mabaharia, hawahesabu kilomita. Wanahesabu maili za baharini, na maili moja ya baharini ni mita 1,852 kamili tangu makubaliano ya mwaka 1929. Uzuri wake ni kwamba maili moja ni dakika moja ya digrii, digrii ina dakika 60. Kwa hiyo zile digrii 3.806 za Mombasa ukizizidisha kwa 60 umepata maili 228 papo hapo, bila kikokotoo. Hapa ikweta hesabu hii ni tamu kweli.

Mkiona programu ya simu inasema "maili" muulize ni zipi. Za nchi kavu ni 263 kwa safari hiyohiyo.

#6 Kipepeo_wa_Umoja

Nimejaribu ya Mwalimu kwa Dubai, latitudo 25.2528, longitudo 55.3644. Nimepata 3,559. Tovuti moja inasema 3,559, nyingine pungufu kidogo. Kwa nini hazifanani tena?

#7 Mwalimu_wa_Ramani

Hongera, umepatia. Tofauti hiyo ndogo inatokana na umbo la dunia. Sisi tumeichukulia kuwa tufe kamili, kumbe imebonyea kidogo kwenye ncha: kutoka kitovu hadi ikweta ni kilomita 6,378, kutoka kitovu hadi nchani ni 6,357. Tovuti zinazotumia umbo hilo la kweli zinapishana na zetu kwa kiasi kisichofika asilimia moja. Kwa msafiri haina madhara yoyote.

#8 Mpimanjia

Sasa muda. Someni polepole hapa, maana ndiko watu wanakoumia.

Safari moja ya ndege ina saa za aina tatu, na kila mtu anataja moja kana kwamba ndiyo pekee. Kuna muda wa angani, magurudumu yakiachana na ardhi hadi yanapoigusa tena. Kuna muda wa lango hadi lango, tangu ndege inaposukumwa kutoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa kule iendako. Na kuna muda wako wewe, mlango wa nyumba hadi mlango wa nyumba. Tiketi inaandika wa pili. Jirani anasimulia wa kwanza. Unaokuumiza ni wa tatu, na huo hakuna tovuti inayokuandikia.

Kwa muda wa lango hadi lango kuna kanuni nyepesi ambayo watu wa tiketi tunaitumia, na kwa ndege za jeti haijaniangusha: gawanya kilomita kwa 800, kisha ongeza nusu saa. Tuijaribu.

Mombasa: 423 gawanya kwa 800 ni dakika 32, jumlisha 30, unapata saa moja na dakika mbili. Ratiba zinasema kama saa moja.
Kisumu: dakika 21 na 30. Dakika 51.
Entebbe: 39 na 30, saa moja na dakika tisa.
Dar: 50 na 30, saa moja na dakika ishirini.
Dubai: saa 4 na dakika 27, na nusu saa, karibu saa tano kamili.
London: saa 8 na dakika 33, ongeza nusu saa, saa tisa na kidogo.

Linganisheni na ratiba za kampuni yoyote. Mtaona inakaribia sana. Na angalieni jambo lililojificha humo: safari ya Kisumu, zaidi ya nusu ya muda wake ni ile nusu saa ya kuongeza. Ndiyo maana Mombasa, ambayo iko mbali zaidi kwa nusu nzima ya umbali wa Kisumu, inaongeza dakika kumi na moja tu. Kwenye safari fupi umbali hauna sauti. Anayetaka kujua ile nusu saa inakwenda wapi, namwomba Dispacha aje, najua yumo humu.

#9 Dispacha

Nipo mkubwa.

Hiyo nusu saa ni ya vitu vitatu: kutembea ardhini, kupanda na kushuka. JKIA ina njia moja ya kurukia ndege, yenye urefu wa zaidi ya kilomita nne. Moja tu. Ndege za abiria na za mizigo zote zinaisubiri hiyohiyo, kwa hiyo asubuhi ukiwa wa tano kwenye mstari, dakika zinakwenda na hujasogea hata mita moja kuelekea uendako.

Upepo wetu kwa kawaida unatoka mashariki, na ndege hurukia upepo usoni. Kwa hiyo siku nyingi tunaruka kuelekea mashariki-kaskazini. Anayekwenda Mombasa anapinda kulia na yuko njiani. Anayekwenda Kisumu amerukia upande wa nyuma yake, lazima azunguke. Abiria aliyekaa dirishani anaona Embakasi ikipita chini, kisha bawa linalala na jua linahamia upande wa pili wa ndege. Dakika hizo hazimo kwenye kilomita zenu.

Kisha kupanda. Ile kasi ya kilomita 840 kwa saa ya Boeing 737, au 900 ya Boeing 787, ni kasi ya kusafiri ndege ikishafika kule juu angani, kama mita 10,000 au zaidi. Wakati wa kupanda na kushuka ndege haina kasi hiyo. Kwenda Kisumu, hujamaliza kunywa maji rubani ameshaanza kushuka. Ndiyo maana 800 ya Mpimanjia ni ndogo kuliko kasi mnayoiona kwenye skrini ya kiti, na ni sawa iwe hivyo.

Pia tuheshimu urefu wa Nairobi kutoka usawa wa bahari: mita 1,624 pale uwanjani. Hewa ni nyepesi, injini zinavuta kidogo, mabawa yanabeba kidogo, na mchana wa jua kali hali inazidi. Ndege nzito ya safari ndefu inapenda ubaridi wa usiku. Hii ni sababu mojawapo ya safari ndefu nyingi kuondoka Nairobi usiku.

#10 Mama_Embakasi

Wanangu mnaniacha njiani lakini nafuata. Binti yangu anafanya kazi Ghuba na anarudi likizo. Mbona kwenda alisema safari ni saa sita, na kurudi ananiambia ni saa nne? Ndege ni ileile na njia ni ileile. Na nimwendee uwanjani saa ngapi?

#11 Mpimanjia

Shikamoo mama. Swali lako ni zuri, nalijibu kwa kituo.

Binti amesoma saa za kwenye tiketi na kutoa moja kwa nyingine. Saa za tiketi ni za mahali: ya kuondoka ni ya Nairobi, ya kufika ni ya kule. Tuseme anakwenda Dubai. Dubai iko mbele yetu kwa saa moja. Anaondoka 22:40, anafika 04:40, ukitoa ni saa sita, lakini kati ya hizo moja ni ya mabadiliko ya saa, safari yenyewe ni tano. Akirudi kinyume chake. Saa za kule zikiwa mbele, kwenda kunaonekana kurefu na kurudi kunaonekana kufupi. Kama yuko Doha hakuna mabadiliko hayo, kwa sababu Doha na Nairobi tunatumia saa zilezile.

Kwa New York ni makubwa. Tuseme tiketi inasema kuondoka 23:30, kufika 06:30. Mtu anasema, kumbe New York ni saa saba tu! Hapana. Wakati wa baridi New York iko nyuma yetu saa nane. Saba na nane ni kumi na tano, na ndio muda wa kweli wa safari ile isiyosimama njiani iliyoanza Oktoba 2018. Wakati wa kiangazi chao tofauti inakuwa saa saba, kwa sababu wao wanasogeza saa na sisi hatusogezi kamwe. London vivyo hivyo: tatu wakati wa baridi, mbili wakati wa kiangazi. Tena Marekani wanasogeza Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho ya Machi, kwa hiyo katikati hapo kuna siku ambazo mmoja amesogeza na mwingine bado. Mwenye ndege ya kuunganisha siku hizo aangalie mara mbili.

Njia salama ni kuzigeuza saa zote mbili ziwe saa za Nairobi, kisha utoe.

Na hapa mama niruhusu niseme kwa sauti, maana hili limewatesa watu wetu kuliko hesabu zote za juu. Tiketi ikisema 00:45 tarehe 12, hiyo ni saa sita na dakika arobaini na tano, usiku wa kuamkia tarehe 12. Unatakiwa uwe JKIA jioni ya tarehe 11. Nimeshuhudia familia imemsindikiza kijana na keki na nguo za sherehe usiku wa tarehe 12, ndege imeshaondoka karibu saa ishirini na nne kabla. Mama yake alikuwa ameishika ile karatasi ya tiketi, anaipitisha kidole kwenye tarehe tena na tena. Ukikata tiketi ya usiku wa manane, andika kwa mkono wako juu ya karatasi: "niwe uwanjani tarehe kumi na moja jioni".

Kuhusu kumpokea: ndege ikitua usitoke nyumbani mbio. Kuna kuegesha, kuna uhamiaji, kuna mizigo. Kwa safari za nje mimi huwaambia watu wafike kama nusu saa baada ya kutua, na bado watasubiri.

#12 Mama_Embakasi

Marahaba mwanangu. Nimeelewa. Hiyo ya tarehe nimeitumia kikundi cha familia sasa hivi.

#13 Mdau_Kigamboni

Habari za Nairobi wakuu, nasoma kutoka Dar. Hii safari ya New York, kwenda na kurudi muda haulingani hata ukirekebisha saa. Kurudi ni pungufu. Umbali si uleule?

#14 Dispacha

Umbali ni uleule mkuu, ila ndege haisafiri juu ya ardhi, inasafiri ndani ya hewa, na hewa yenyewe inatembea. Kule kaskazini, kati ya kilomita 9 na 12 juu, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Inazidi kilomita 160 kwa saa kwa urahisi, na majira ya baridi inaweza kupita 300. Ukienda New York unapigana nayo juu ya Atlantiki, ukirudi inakusukuma mgongoni. Kwa hiyo kurudi kunapungua, mara nyingi kwa zaidi ya nusu saa.

Nairobi–Dar au Nairobi–Mombasa hutaiona tofauti hiyo. Mkondo huo haupiti kwetu, na safari ni fupi mno.

Halafu tusisahau kwamba duara kuu la Mwalimu ni njia ya hesabu. Ndege halisi inafuata njia zilizowekwa, na inakwepa. Ukivuta uzi kutoka Nairobi hadi London unapita Sudan Kusini, Sudan, Libya, Bahari ya Kati, Italia, Ufaransa. Lakini anga ya Sudan ilifungwa vita vilipoanza Aprili 2023, na Libya imekwepwa na kampuni nyingi kwa miaka. Kwa hiyo ndege inazunguka. Kilomita za duara kuu ni 6,840, zilizorukwa ni zaidi. Mtu akiona safari yake imerefuka kuliko ya miaka iliyopita asidhani rubani anazembea. Kila dakika ya mzunguko huo ni mafuta, na mafuta hayo yamo kwenye nauli yako.

#15 Karani_wa_Maua

Niseme na mimi, maana kwetu kwenye mizigo dakika ni pesa. Maua yanakwenda Amsterdam, karibu kilomita 6,680, kwa kanuni ya Mpimanjia ni kama saa tisa kasoro dakika kumi. Mteja mpya akisikia saa tisa anadhani waridi lililokatwa asubuhi litakuwa sokoni jioni. Hapana! Kuna kutoka shambani Naivasha, chumba baridi, ukaguzi, kupanga kwenye paleti (jukwaa la kubebea mizigo) na kuifunga wavu, kusubiri nafasi, ndipo ndege. Tunahesabu tangu ua linapokatwa. Saa za angani ni sehemu ndogo ya safari yake.

#16 Mpimanjia

Karani, umenisaidia kufika kwenye saa ya tatu, ile ya mlango hadi mlango.

Mtu wa Rongai anayekwenda Mombasa. Ndege saa moja. Lakini atoke nyumbani, apite msongamano, afike JKIA mapema kwa ukaguzi na mizigo, ashuke Mombasa, asubiri begi, achukue tuk-tuk au gari kutoka uwanjani Port Reitz hadi Nyali akivuka kisiwa chote. Hapo hajapungukiwa na saa nne na nusu. Treni ya SGR inatumia kama saa tano, Syokimau hadi Miritini, na nayo ina kufika mapema kwake na ina mwendo wa kutoka Miritini. Ndege bado inashinda, lakini haishindi kwa kiasi ambacho zile "dakika arobaini" zinakuaminisha. Mwenye bajeti ndogo anayekaa Mlolongo, karibu na kituo, afanye hesabu yake mwenyewe kabla ya kufuata ya mtu wa Westlands. Barabara ya juu ya Expressway imeokoa wengi tangu 2022, lakini inakuokoa kati ya Westlands na Mlolongo tu. Ukitokea Rongai au Thika Road, bado una msongamano wako kwanza.

Wenzangu wa tiketi, tusiwafiche wateja hili. Tunauza ndege, lakini mteja ananunua kufika.

#17 Binti_wa_Mara

Ongeza na ndege ndogo za Wilson tafadhali. Kanuni ya 800 inagoma kabisa kwetu.

#18 Mpimanjia

Kweli, 800 ni ya jeti. Kwa ndege za pangaboi badilisha namba. Dash 8-400 ipe 600. Cessna Caravan ipe 340, na nusu saa uipunguze iwe dakika ishirini, kwa sababu haipandi juu sana wala haisubiri mstari mrefu. Wilson hadi Lamu ni kama kilomita 467. Kwa Caravan ni saa moja na dakika 22, jumlisha ishirini, karibu saa moja na dakika 42. Kwa Dash 8 ni dakika 47 na 30, saa moja na robo hivi.

Ila Mara ni jambo lingine, na wewe unalijua kuliko mimi.

#19 Binti_wa_Mara

Mara huwezi kuihesabu kwa umbali. Ndege ni kama matatu: inashusha Keekorok, inaruka dakika chache, inashusha Olkiombo, halafu Musiara, halafu Kichwa Tembo, kutegemea nani amepanda siku hiyo. Wageni wawili wa ndege ileile, mmoja anafika baada ya dakika arobaini na tano, mwingine zaidi ya saa moja na nusu. Mpangilio wa vituo unaweza kubadilika hata asubuhi hiyohiyo. Ukimpokea mgeni piga simu Wilson uulize yeye ni wa kituo cha ngapi.

#20 Mdau_Kigamboni

Swali la mwisho wakuu. Nilichelewa Paris nikija Nairobi, ndege ilifika saa tano baada ya muda wake. Nimesikia kuna fidia inayotegemea kilomita. Ni kweli, na wanapima vipi?

#21 Mpimanjia

Ni kweli, na ndipo hesabu hii inapokulipa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inahusu ndege yoyote inayoondoka kwenye uwanja wa nchi za Umoja huo, kampuni iwe ya wapi, na pia ndege za kampuni za Umoja huo zinazoelekea huko kutoka kwetu. Fidia ni Euro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, Euro 400 kwa kati ya 1,500 na 3,500, na Euro 600 ukizidi 3,500 kwa safari ya kutoka au kuingia Umoja huo. Kanuni yenyewe imeandika kwamba umbali upimwe kwa duara kuu, lilelile la uzi wa Mwalimu. Mzunguko ambao ndege ilifanya kukwepa anga fulani hauhesabiwi.

Kama ulikuwa na tiketi moja yenye kuunganisha, wanapima kutoka mwanzo hadi mwisho wa safari moja kwa moja, si kipande kwa kipande. Paris hadi Nairobi inazidi 3,500 kwa mbali sana, kwa hiyo wewe ni wa Euro 600. Ukichelewa kati ya saa tatu na nne wanaruhusiwa kukata nusu, lakini wewe ni saa tano. Watakachokuja nacho ni kusema sababu ilikuwa nje ya uwezo wao, kama dhoruba au anga kufungwa. Hitilafu ya kawaida ya ndege mara nyingi haiwaokoi. Tafuta pasi yako ya kupandia na uthibitisho wa saa ya kufika, waandikie kampuni kwa maandishi, utaje kanuni kwa namba na utaje kilomita ulizokokotoa. Nitumie latitudo na longitudo za viwanja vyako humu humu uzini, tuzipige pamoja kabla hujaandika barua.